Ufa Niliouita Njia ya Ng'ombe

Vijana, mmeniomba niwafundishe mwanga wa picha. Mwanga nitawafundisha, na hauna siri kubwa: amka mapema, vaa sweta, usiiamini simu inayokuambia leo kuna jua. Lakini lipo jambo lingine ambalo hamkuniuliza, na ndilo linalonifanya nishindwe kutulia tangu mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika juu ya msitu wa Nou. Asubuhi hii mke wangu ameshaniambia mara mbili, "Kaa chini, utatoboa sakafu." Nikakaa. Haukupita muda nikajikuta tena mlangoni, naangalia vilima.

Kwa wasionijua, mimi ni Boay, mzaliwa wa Mbulu. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kuwapeleka watu wenye kamera mahali pazuri pa kupigia picha za nchi. Hatukufuata simba wala tembo. Tulifuata Mlima Hanang ukiwa umesimama peke yake kama mtu aliyegombana na wenzake, ukingo wa Bonde la Ufa, ukungu unapopanda kutoka bondeni, ziwa dogo la Tlawi maji yakiwa hayajaguswa na upepo. Wengine walitoka Ulaya, wengine Dar es Salaam, na wengine walikuwa watumishi waliohamishiwa huku, wakalalamikia baridi miezi sita, halafu wakanunua kamera. Wao walikuja na vifaa. Mimi nilikuwa na miguu, na nilijua ni boma gani lina mbwa mkali.

Hilo la mbwa msilicheke. Nusu ya kazi hii ni kujua pa kupita na nani wa kumsalimu. Kila kilima kina mwenyewe, hata kama humwoni. Kabla hujasimamisha stendi ya kamera, mtafute mwenye shamba, mpe shikamoo yake, muulize habari za ng'ombe, za watoto, za mahindi, kisha ndipo useme shida yako. Nimeona waongoza wageni wenye magari mazuri wakifukuzwa na mama mmoja mwenye jembe kwa sababu walianza na picha kabla ya salamu. Nami nilimuunga mkono huyo mama.

Ufundi wenyewe niliupata kwa Mzee Hhando, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na soko la Mbulu. Alikuwa na pazia jeusi, kiti kimoja kizuri, na ukuta uliochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua yako nchi gani. Nusu ya watu wa wilaya hii wamepigwa picha mbele ya maporomoko yale. Mzee Hhando alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na tabia ya kufunga jicho moja hata akiwa anakula.

Siku moja alikuja katekista na familia yake, watu kumi na wanne. Hawakuenea chumbani, kwa hiyo Mzee akaniambia nikawapige uani. Niliwapanga vizuri, warefu nyuma, watoto mbele, mama katikati na kitenge kipya. Nikabonyeza. Mkanda uliposafishwa tukamkuta kuku amesimama katikati ya miguu ya katekista, ameangalia kamera kuliko wote, shingo imenyooka kama yeye ndiye mwenye familia. Katekista aliitazama picha kwa muda mrefu, akairudisha mezani.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Mzee Hhando alinituma kwa miguu hadi nyumbani kwao, Maretadu, nikaombe radhi na kupiga upya. Niliporudi miguu imevimba aliniketisha akasema, "Boay, kabla ya kubonyeza zungusha jicho kwenye kona zote nne. Kisichotakiwa, kiondoe. Kama hakiondoki, ondoka wewe. Sogea."

Nililishika neno hilo. Lilinilisha miaka yote, na limenifedhehesha pia, kama mtakavyosikia.

Msidhani nilianza kuongoza wageni nikiwa najua. Kundi langu la kwanza, watu wanne, niliwapeleka Katesh kupiga Mlima Hanang. Nilikuwa nimevaa mita ya kupimia mwanga shingoni kama daktari. Asubuhi ya kwanza mlima haukuonekana. Ya pili vilevile. Ya tatu wageni wakaanza kunong'onezana, nami nikawa naeleza mambo ya unyevu na upepo ambayo sikuyaelewa hata mwenyewe. Mama mmoja aliyetuuzia chai alinivuta pembeni.

"Baba, hao wageni wako wanasubiri nini hapa kila siku?"

"Mlima."

"Huu? Majira haya asubuhi haujivui mawingu. Wapeleke upande wa ziwa Balangida jua likianza kushuka, utakuwa wazi mpaka kiunoni."

Tukaenda jioni hiyo. Chumvi ilikuwa nyeupe ufukweni, mlima umesimama nyuma yake wazi, na mgeni mmoja alilia. Mimi nilikuwa na mita shingoni. Yule mama alikuwa na jiko lililoutazama mlima kwa miaka kumi na tano. Waulizeni wanaoishi mahali. Mashine zije baadaye.

Enzi za mkanda mtu alikuwa na picha thelathini na sita tu. Alifikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi mgeni anashuka garini amekwisha kupiga picha mia mbili za kioo cha dirisha. Nimeona na droni pia. Nilimpeleka mmoja mwenye droni kijiji kimoja cha Hanang. Ng'ombe walikimbilia upande huu, watoto upande ule, na mzee mmoja akaitupia mawe kwa shabaha ambayo sijaona tena. Ila siwezi kuzilaumu mashine. Kosa langu kubwa nililifanya kwa kamera ya kawaida iliyokaa juu ya stendi iliyotulia.

Sasa nisikilizeni.

Upande wa Tlawi kuna jiwe moja pana, linatazama mteremko ulio ng'ambo ya kijito. Jina la kilima silitaji, kwa sababu wenyewe bado wapo. Mteremko ule ulikuwa wa kijani kama shuka iliyoanikwa. Chini yake palikuwa na nyumba ya bati jekundu, zizi, mparachichi mkubwa uani, na juu kidogo mikaratusi miwili iliyosimama kama walinzi. Jua la asubuhi likiingia kutoka pembeni, moshi wa jikoni ukipanda kwenye bati, hakuna mgeni aliyeondoka pale bila kuniambia ile ndiyo picha ya safari yake. Nyumba ilikuwa ya Mzee Qwaray na mkewe, Mama Theresia. Walikuwa wakiishi na wajukuu wawili wadogo. Qwaray amenizidi umri, mtu mrefu, mkimya, anayependa ng'ombe wake kuliko maongezi. Kila mwaka nilipita kwake kwanza, nikampa shikamoo, tukanywa chai, ndipo nikavuka kijito na wageni kwenda jiweni.

Mwaka mmoja, baada ya masika, niliona mstari wa kahawia katikati ya kijani, juu ya mikaratusi. Ulikuwa mwembamba, umepinda kama nyusi. Ulinikera. Nikazungusha jicho kwenye kona nne kama nilivyofundishwa, nikaona kwamba nikiisogeza stendi hatua mbili kushoto, kichaka kinauficha. Nikawasogeza wageni wote. Mwaka uliofuata hatua mbili hazikutosha, nikasogea nne. Mwaka wa tatu nikawa nawaambia wageni wapige magoti nyuma ya kichaka, eti mwanga wa pale ni mzuri zaidi.

Na wakati huo Mlima Hanang ulikuwa umekwisha kuwamwagia tope ndugu zetu wa Katesh. Nilikuwa nimekwenda kuzika huko. Nilikuwa nimeyaona mawe makubwa kama magari yakiwa yamelala mtaani. Bado nikarudi Tlawi nikauona ule mstari na nikafikiria kichaka.

Aliyeniuliza alikuwa nesi mmoja kutoka Tanga aliyehamishiwa Mbulu, jina lake Mwanaidi. Alikuwa na kamera ya mtumba na maswali mengi. Alikataa kupiga magoti. Alisimama wima juu ya jiwe, akaangalia muda mrefu.

"Mzee Boay, ule mstari ni wa nini?"

"Njia ya ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe wanapita pale? Mbona pamesimama hivyo?"

"Ng'ombe wa huku wamezoea milima, mwanangu. Njoo huku chini, mwanga unaondoka."

"Na mbona haiendi popote? Imeanza katikati ya majani, imeishia katikati ya majani."

Nilimjibu kwa ukali kidogo. Nilimuuliza kama amekuja kupiga picha au kupima mashamba. Akapiga picha yake akiwa amesimama, mstari ukiwa ndani. Jioni alinitumia kwenye simu, bila maneno.

Sikuweza kukaa. Wiki ile mvua za kwanza zilianza, mvua ndogo za mchana. Nilitoa boksi la picha zangu za kazi, nikazitandaza kitandani: jiwe lile lile, asubuhi zile zile, mwaka baada ya mwaka. Nyingi hazikuwa na mstari, kwa sababu niliuficha mwenyewe. Lakini mikaratusi ilikuwemo katika zote. Mwaka wa kwanza imesimama wima. Wa pili imeinama kidogo sana, ungedhani ni kamera. Wa tatu imeinamia upande wa nyumba, na fensi ya shamba chini yake, iliyokuwa imenyooka, imefanya tumbo.

Mke wangu aliingia na ndoo ya nguo, akanikuta nimesimama juu ya kitanda na viatu.

"Kuna nini?"

"Kilima cha Qwaray kinatembea," nikasema.

Siku hiyo hiyo nilichukua boda boda. Nilipita nyuma ya kilima bila kubisha hodi kwa mtu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikapanda kwa mikono na magoti hadi kwenye mstari. Haikuwa njia. Ardhi ilikuwa imeachana. Majani ya juu na majani ya chini yalikuwa yamepishana kimo cha goti, na katikati kulikuwa na ufa mweusi unaonuka udongo mbichi. Nikaingiza fimbo yangu. Ilizama hadi kiganjani, na sikugusa chini. Nilisikia maji yakitiririka mle ndani.

Nilishuka nikamkuta Qwaray zizini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umekuja bila Wazungu wako?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiendelea kufunga ndama. Nilipomaliza akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Boay, mwaka jana ulikaa pale chini ya mparachichi ukawaambia wageni kwamba hapa pangefaa kujengwa nyumba ya wageni. Nilikusikia."

Lilikuwa kweli. Nililisema kwa utani, nikiwafurahisha wageni, na sikujua yuko nyuma ya ukuta.

"Ule ulikuwa utani, Mzee."

"Na leo unataka nihame. Baba yangu amezikwa pale. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Kilima hiki kimekuwepo kabla yako na kamera yako. Kunywa chai uende."

Sikunywa. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mstaarabu aliyetoka mkoa mwingine. Alipanda na mimi hadi juu na viatu vyake vya ofisini, akaona, akashuka ametokwa na jasho. Aliandika barua kwa wataalamu wa miamba siku ile ile. Akampigia na simu Mzee Qwaray, akamsihi. Lakini aliniambia ukweli: "Mzee, mimi siwezi kumbeba mtu kutoka nyumbani kwake. Mtaalamu akija na kusema, nitakuwa na nguvu." Mtaalamu angekuja baada ya siku kadhaa. Mvua haikuwa na habari na barua.

Siku mbili sikula vizuri. Naanza kunyoa ndevu, naacha upande mmoja. Nafika dukani, nasahau nilichofuata. Siku ya tatu nikachukua zile picha zote, pamoja na ya Mwanaidi niliyoichapisha mjini, nikarudi. Qwaray alikuwa amekwenda kunywesha ng'ombe. Mama Theresia alinikaribisha jikoni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, na hana maneno mengi kama mumewe.

"Chemchemi yetu imebadilika rangi," alianza yeye, kabla sijasema. "Maji yanatoka kama chai ya maziwa. Mume wangu anasema ni mvua. Lakini mvua nimeziona nyingi."

Nikazipanga picha sakafuni, mwaka kwa mwaka. Akapiga magoti. Alifuata fensi kwa kidole, halafu mikaratusi. Alipofika kwenye picha ya Mwanaidi, kidole kilisimama kwenye mstari.

"Hii mbona kwenye zako haipo?"

Vijana, hapo ningeweza kusema lolote. Ningesema ulikuwa haujatokea. Angeniamini.

"Ulikuwepo," nikasema. "Niliuona miaka mitatu. Niliuficha kwa sababu uliharibu picha."

Aliinua uso akanitazama. Sikumbuki kama kuna mtu amewahi kunitazama hivyo, hata mama yangu nilipomkosea. Kisha akazikusanya picha, akazigonga sakafuni zikae sawa, akanirudishia.

"Sasa nimekuamini," akasema. "Mtu hajisingizii jambo kama hilo."

Kesho yake aliwachukua wajukuu, magodoro na kuku, akaenda kwa kaka yake Maretadu. Qwaray alikataa. Alisema ng'ombe hawawezi kwenda kulala kwa watu, na kwamba mke akikimbia picha, mume abaki kulinda nyumba. Nilijaribu kumsihi kwa simu, akakata.

Mvua kubwa ilianza Jumatatu. Nilikuwa na kundi la wageni wa kupeleka Hanang. Nikamwomba mwenzangu awachukue. Kila asubuhi nilipanda boda boda hadi karibu na jiwe, nikakaa pale na mwavuli nikitazama mteremko. Watu waliopita walinisalimu kwa huruma, kama unavyomsalimu mgonjwa. Nilikuwa nimetafuta mwanga pale miaka yote, na sasa nilikuwa naangalia udongo. Nilijua kila jani. Nilijua unyasi upi umelala tangu jana.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mvua ilikatika. Palikuwa kimya. Nilikuwa nakamua maji kwenye soksi nilipoona mikaratusi miwili ikisogeleana vichwa, taratibu, kama watu wanaonong'ona. Nikapiga simu. Iliita hadi ikakata. Nikapiga tena.

"Boay, unataka nini tena?"

"Uko wapi, Mzee?"

"Zizini."

"Toa ng'ombe sasa hivi. Elekea upande wa kanisa. Usishuke kijitoni. Mikaratusi yako inainama, naiona kwa macho yangu."

"Upepo."

"Mzee, angalia mparachichi uani. Kuna jani linalotikisika?"

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake ng'ombe mmoja akilia. Halafu simu ikakatika.

Nikamwona ametoka. Alifungua zizi, ng'ombe wakatoka mbio wenyewe, naye nyuma yao na fimbo, kuelekea kanisani, nje ya mteremko. Nikaanza kupumua. Kisha nikamwona anageuka. Ndama alikuwa amebaki kafungwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini kijito kilikuwa kimejaa na kinanguruma, hakusikia. Aliingia zizini.

Mteremko uliachia kwenye ule mstari wangu. Haukuanguka kama jiwe. Uliteleza mzima mzima, majani yakiwa bado kijani juu yake, kama ugali unaomwagwa kutoka kwenye sufuria, na sauti ikaja baadaye, sauti ya lori la mawe linapomwaga mzigo. Mikaratusi ilishuka ikiwa imesimama. Bati jekundu lilijikunja mara moja. Halafu hapakuwa na nyumba wala zizi wala mparachichi. Kahawia tu.

Kuzunguka kwa daraja ni mwendo wa nusu saa kwa miguu mizuri. Sijui nilitumia muda gani. Nilikuta majirani na majembe, na nikamkuta Qwaray amekaa kando ya njia ya kanisa, tope hadi kifuani, mkono wa kushoto umening'inia vibaya. Alikuwa ameshika kipande cha kamba. Alikuwa akimvuta ndama kutoka zizini tope lilipompiga ubavuni na kumtupa ukingoni. Ndama alikwenda nalo. Nilichuchumaa mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Miaka mitatu, Boay."

Majirani wakambeba.

Hospitalini, aliyekuwa zamu alikuwa Mwanaidi. Alimhudumia, akatoka nje akanikuta natembea kwenye korido.

"Mkono utapona," akaniambia. "Wewe je?"

Nikamwambia mimi sijavunjika kitu. Akasema, "Basi kaa chini, Baba, unawatia wagonjwa wasiwasi."

Mtaalamu alikuja wiki ile. Aliomba picha zangu zote za jiweni, akazipeleka, na kwa sababu ya picha hizo nyumba nyingine mbili zilizokuwa kwenye mteremko wa jirani zilihamishwa kabla ya masika. Watu walianza kunisifu sokoni. Kila sifa ilinichoma. Nilikuwa nikiwajibu, "Muulizeni Mama Theresia," nao wakadhani ni unyenyekevu.

Niliongoza wageni msimu mmoja tu baada ya hapo. Sikuweza tena. Tunafika ukingoni, jua linazama vizuri, wageni wamejipanga, na mimi niko mita hamsini pembeni nimeinamia korongo, napima kwa fimbo. Mama mmoja kutoka Arusha aliniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu. Magoti nayo yalikuwa yamechoka. Nikawaachia ninyi kazi.

Ndiyo maana nawaambia. Fundisheni wageni wenu kupanga picha, ni haki yao, wamekuja kwa ajili ya uzuri. Lakini kabla hamjaondoka mahali, pigeni moja ya ovyo, yenye kila kitu: fensi, korongo, choo, mti uliopinda. Iwekeni na tarehe. Mwakani mkirudi, linganisheni. Mkiona mti umeinama, mkiona chemchemi imebadilika rangi, mkiona mlango wa mtu umeanza kukwama bila sababu, mwambieni mwenyewe siku hiyo hiyo. Atawafukuza. Rudini.

Qwaray hakunipigia kwa miezi saba. Nilimwona mara moja mnadani, akiwa na mkono uliopona umepinda kidogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia akiangalia ng'ombe. Halafu Jumamosi moja ya kiangazi simu iliita.

"Boay. Shemeji yangu amenikatia kiwanja huku Maretadu. Njoo ukione kabla sijajenga."

Nilikwenda kwa boda boda ya kwanza. Kilikuwa kiwanja kando ya shamba la mahindi na maharage, ardhi imelala, na nyuma yake kimwinuko kidogo. Tulitembea pale tangu asubuhi hadi jua likapinduka, sisi wawili, tukizungumza kidogo sana. Tulipanda kimwinuko. Tulichimba mashimo mawili tukaona udongo wake. Tuliwauliza majirani maji hupita wapi masika. Mama Theresia alituletea kande, akasimama akitutazama tunavyokula tumesimama kama watu wanaosubiri basi, akaondoka akitikisa kichwa.

Mwishoni Qwaray alisimama katikati ya kiwanja na kigingi mkononi.

"Hapa?"

Nilitazama pande zote. Nilitamani kusema ndiyo kwa uhakika. "Mzee, naona ni pazuri. Lakini mimi ni mpiga picha. Yaliyo chini siyaoni."

Akakisimamisha kigingi ardhini, akakishika kwa ule mkono wake uliovunjika, na kunipa nyundo.

"Piga," akasema. "Nimekushikia."

Nikapiga.